Elektroni Zilizokwenda Ruiru

Jumatatu ya wiki niliyopaswa kutetea tasnifu yangu, kompyuta mbili zilinipa majibu mawili ya swali moja. Ya kwanza, iliyokaa kwenye meza ya kulia chakula nyumbani kwangu Makongeni, Thika, ilisema elektroni zinakimbilia kushoto. Ya pili, iliyokaa stoo ya saluni ya dada yangu pale Ruiru, katikati ya ndoo za mafuta ya nywele, ilisema zinakimbilia kulia. Atomi ilikuwa ileile. Mwanga ulikuwa uleule, au ndivyo nilivyodhani. Kikao kilikuwa Alhamisi saa nne asubuhi, chuoni Juja, mbele ya jopo ambalo ndani yake sikuwa na hata mmoja wa kunipunguzia swali.

Mimi ni mwalimu wa fizikia katika shule ya upili hapa Thika. Shahada ya uzamili niliisoma kwa vipande, jioni na likizo, kwa muda mrefu hivi kwamba askari wa lango la chuo aliacha kuniuliza kitambulisho akaanza kuniuliza nitamaliza lini. Muda wangu ulikuwa umeongezwa, kisha ukaongezwa tena kwa roho nzito. Msimamizi wangu aliniambia waziwazi kwamba hakuna mara ya tatu. Nikianguka Alhamisi, jina linatoka kwenye usajili, na kazi yote ile inabaki kuwa kitu nilichokuwa nikifanya jioni badala ya kusuka vikapu.

Kazi yenyewe inahusu kitu kidogo sana na mwanga mkali sana. Chukua atomi ya hidrojeni: kiini kimoja, na elektroni moja inayokizunguka kama mteja ambaye hajaamua kununua wala kuondoka. Ukiimulika kwa tochi, haijali. Ukiimulika kwa leza yenye nguvu ya kutisha, mwanga unaivuta elektroni upande huu, kisha upande ule, huku na huku, upesi kuliko akili inavyoweza kufuata, hadi inang'oka na kwenda zake. Leza ikiwa ya rangi moja, tuseme nyekundu, mvuto wa pande zote mbili ni sawa, kwa hiyo elektroni zinazong'oka hugawana, nusu huku na nusu kule. Ukiongeza rangi ya pili, bluu, inayotikisika mara mbili kwa kila mtikisiko mmoja wa nyekundu, usawa unavunjika. Upande mmoja unapata nyingi. Upande upi, hilo ndilo lilikuwa swali langu, na sura ya nne ilikuwa imeshalijibu, imepigwa chapa na kufungwa kwa jalada gumu: kushoto.

Leza kama hiyo sijawahi kuiona kwa macho. Ninayo tu kwenye kompyuta, kwa hesabu. Na ndani ya programu yangu sikuandika kushoto na kulia, maana mimi huvichanganya hata nikivaa viatu. Kushoto niliandika Thika, kulia Ruiru. Atomi niliiweka Juja. Barabara kuu inapita pale, na mtu akitoka lazima aende upande mmoja au mwingine.

Wenye busara watauliza kwa nini nilirudia hesabu wiki ya mwisho, tasnifu ikiwa imeshasomwa na watahini. Jibu ni mama yangu. Alikuwa akiuza nguo za watoto za mitumba soko la Makongeni, na hakuna belo ya nguo aliyofungua bila kuihesabu mara mbili. Mara ya kwanza alianza juu ya rundo akishuka. Mara ya pili alianza chini akipanda, kwa sababu, alisema, akili ikishazoea njia inaruka palepale iliporuka mwanzo. Nimerithi hiyo. Sijui kununua hata kitunguu bila kukigeuza. Kwa hiyo shule iliponipa ruhusa ya wiki ile nijiandae, nilijiandaa kwa njia ninayoijua: niliandika programu nzima upya, bila kuitazama ya kwanza, nikaipeleka mahali ambapo stima, yaani umeme, haipotei.

Mahali hapo ni saluni ya dada. Jengo lake lina duka kubwa chini, na duka lina jenereta inayojiwasha yenyewe. Dada ni mkubwa wangu na hatoi kitu bure.

"Siku ngapi?" aliniuliza, akichana nywele za mteja bila kuinua macho.

"Wiki."

"Siku mbili."

"Siku tano, na nitafua taulo zote."

"Nne. Na hiyo kitu isingurume mpaka wateja waulize kama nimeweka mashine ya kusaga unga."

"Nne na nusu."

"Wewe mwalimu, nusu ya siku ni nini? Utakuja kuchukua mchana watu wakiwa wamejaa? Nne. Na taulo uanze leo."

Nilianza siku ileile. Ndiyo maana Jumatatu, jibu lilipotokea kwenye skrini, nilikuwa nimeshika taulo mbichi, maji yakinichuruzika kwenye viatu, na sikuyasikia.

Nilikagua kila kitu kilichokagulika. Niliziwekea kompyuta zote mbili rangi nyekundu peke yake. Zikakubaliana. Nikaweka bluu peke yake. Zikakubaliana tena, hadi tarakimu ya mwisho niliyoweza kuisoma. Nikaziweka pamoja, moja ikasema Thika, nyingine ikasema Ruiru. Ilikuwa kama mke na mume ambao kila mmoja ukimkuta peke yake ni mtu wa maana kabisa.

Jumanne asubuhi nilimpigia msimamizi. Alikuwa safarini, nyuma yake nikasikia watu wakinunua mahindi ya kuchoma.

"Daktari, hesabu zangu zimegombana."

"Zipi?"

"Sura ya nne."

Sura ya nne ndiyo tasnifu. Zingine ni za kuisindikiza.

"Mwalimu," akasema, "ni nani alikwambia urudie?"

"Hakuna."

"Na kati ya hizo mbili, unaamini gani?"

"Ile inayonimalizisha."

Hakucheka. "Tafuta kosa. Ukilipata, niambie. Usipolipata, niambie pia, kabla ya kikao, si ndani ya kikao. Mtahini wa nje ameisoma hiyo sura yote. Ameniandikia kuihusu."

"Ameandika nini?"

"Ameandika kwamba ana swali."

Nikamuuliza ni swali gani. Akasema mtahini hakumwambia. Nikajaribu kumkamua: je, ni refu, ni fupi, ameliandika kwa upole? Akaniambia nitafute kosa, akakata.

Siku nzima ya Jumanne nilisoma programu ya pili mstari kwa mstari kwenye kiti cha plastiki kule stoo. Kila mstari ulikuwa sawa. Hilo ndilo lililonitisha. Kosa linaloonekana unaligombeza, linaondoka. Nilikuwa na vitu viwili visivyo na kosa vinavyosema mambo kinyume, na vyote viwili nilikuwa nimeviandika mimi. Chakula sikukigusa. Dada aliniletea chapati na madondo, akazirudisha, akaleta chai, akasimama mlangoni na kikombe.

"Haiya, si uchukue ile ya kwanza uende nayo? Nani anajua kuna ya pili?"

"Mimi."

"Wewe huulizwi. Mteja akishapenda nywele kwa kioo, mimi siendi kumwambia kuna mahali nyuma sikufikisha vizuri."

"Na akigusa nyuma?"

"Akigusa ndio tunaongea."

Niliifikiria. Nisijifanye sikuifikiria. Barabara yote ya kurudi Makongeni niliifikiria, na kila nilipokuwa karibu kukubali, nilisikia mtu nisiyemjua akisema kwa upole kwamba ana swali.

Jumatano nilichapisha grafu mbili za mwanga kwenye saiba, duka la intaneti la ng'ambo ya barabara, moja kutoka kila kompyuta. Hizi hazikuwa grafu za elektroni. Zilikuwa picha za mwanga wenyewe: mstari unaopanda na kushuka, unaonyesha leza inavuta kwa nguvu gani na kwa upande upi, kuanzia mwanzo wa mmuliko hadi mwisho wake. Zilifanana sana. Vilele virefu, vilele vifupi, vyote vilikuwepo. Ili kuzilinganisha vizuri nilitaka kuziweka moja juu ya nyingine kwenye kioo, mwanga wa nje upite. Dirisha la saluni limechorwa vichwa vya wanawake waliosukwa, ila kipande kimoja cha kona kimebaki wazi. Nikasimama pale.

"Huyu anatafuta nini kwa dirisha?" akauliza mteja aliyekuwa chini ya draya, kwa sauti kubwa ya mtu ambaye hasikii chochote.

"Anatafuta digrii," dada akasema.

"Iko huko nje?"

"Sijui. Humu ndani hakuna, tumeangalia."

Nikabandika ya kwanza, nikaweka ya pili juu yake. Hazikulingana. Panapopanda huku, kule palikuwa na kilele kifupi. Nikizivuta zilingane mwanzoni, zinaachana mbele. Dada akawasha mashine ya kupuliza nywele, upepo ukabeba ile karatasi ya pili hadi chini ya kiti. Niliinama, nikaiokota na kuibandika bila kuitazama, uso wa karatasi ukielekea barabarani. Nikabandua ile ya kwanza, nikaiweka juu yake.

Zikalala moja juu ya nyingine kama mstari mmoja.

Nilidhani nimeiacha ile ya pili sakafuni. Nikatenganisha karatasi, nikaona ziko mbili. Nikazirudisha. Mstari mmoja tena. Nilipogeuza ya pili uso wake uangalie ndani, zikaachana. Nikaipindua mgongo, zikakutana. Kwa nyuma, yaani, mwisho ukiwa mwanzo na mwanzo ukiwa mwisho.

Ndipo nilipokumbuka jedwali. Mwanga unaingizwa kwenye programu kama jedwali refu, mstari kwa kila kitambo kidogo cha muda. Mara ya kwanza nililijaza kutoka juu kwenda chini, kama watu wote. Mara ya pili, kwa kuwa sikutaka kuruka palepale, nililijaza kutoka mstari wa mwisho kupanda juu. Kompyuta haikujua habari za mama yangu. Ilisoma kutoka juu. Kwa hiyo atomi ya kompyuta ya Ruiru ilipigwa na mwanga uleule wa kompyuta ya Makongeni, lakini kinyumenyume.

Na kwa nini rangi moja moja haikunionya? Kwa sababu wimbi la nyekundu peke yake ukiligeuza linabaki lilelile, linapanda na kushuka vilevile. Bluu pia. Ni zikiwa pamoja tu ndipo mbele na nyuma vinatofautiana. Katika mwanga wa kwanza, nyekundu na bluu zilikuwa zikianza kupanda pamoja. Katika ule uliogeuzwa, nyekundu ikipanda, bluu inashuka.

Nilirudi stoo, nikaligeuza jedwali, nikawasha hesabu upya. Jioni ile kompyuta ilisema Thika. Kompyuta zote mbili zikawa na neno moja. Nilipaswa kwenda kulala.

Badala yake niliketi kwenye ndoo nikiisoma sura ya nne. Ilikuwa imeandikwa, kwa mkono wangu na kwa uhakika wangu wote, kwamba kuongeza mwanga wa bluu hupeleka elektroni kushoto. Lakini nilikuwa nimeongeza bluu ileile, yenye nguvu ileile, na zikaenda kulia. Kwa hiyo si bluu inayoamua. Kinachoamua ni jinsi bluu inavyopishana na nyekundu, nani anapanda mwenzake akifanya nini. Kosa la jedwali nilikuwa nimelipata. Sentensi niliyokuwa nimeifunga kwa jalada gumu ilikuwa kosa la namna nyingine.

"Si umepata kosa?" dada akauliza, akifagia nywele.

"Nimepata."

"Basi mbona uso uko hivyo?"

"Lile kosa lilikuwa kweli."

Aliegemea ufagio. "Aki wewe. Kesho nenda useme ile umeandika. Ukimaliza ndio uanze ukweli."

Nilimpigia msimamizi kama alivyotaka, kabla ya kikao. Nikamweleza jedwali na karatasi za dirishani. Alisikiliza hadi mwisho, akavuta pumzi.

"Utasema?"

"Daktari unasemaje?"

"Mimi sitetei. Wewe ndiye unatetea." Kisha, taratibu, "Weka slaidi moja mwishoni. Ukiihitaji, iko. Usipoihitaji, haipo."

Huo ulikuwa ushauri mzuri kuliko wa dada kwa nywele moja tu.

Alhamisi niliwasha projekta kwa vidole vilivyokuwa na baridi ya friji. Jopo lilikaa upande mmoja wa meza, mwenyekiti katikati. Mtahini wa nje alikuwa kwenye skrini ukutani, mama mwenye miwani iliyoshuka puani, sauti yake ikikatika kila mtandao ulipochoka. Niliongea muda niliopewa. Nilieleza atomi, nikaeleza leza, nikaonyesha grafu ya sura ya nne. Watu waliandika. Nilianza kuamini kwamba ile slaidi haitakuwepo.

Mtahini wa nje akasogea karibu na kamera.

"Sura ya nne inasema bluu hupeleka elektroni kushoto," alisema kwa kile Kiingereza cha vikao ambacho hakina haraka. "Swali langu ni fupi. Kila mara?"

Msimamizi akatazama kalamu yake.

Ningeweza kusema kila mara. Kompyuta mbili zilikuwa zikisema hivyo tangu jana. Nilipima sura yake kama ninavyompima muuzaji, nione anajua bei au anabahatisha, lakini picha ilikuwa na ukungu na miwani ilikuwa ikirudisha mwanga wa dirisha lake.

"Hapana," nikasema. "Si kila mara."

Na mtandao ukachagua dakika hiyo kukata. Uso wake ukaganda ukutani, mdomo nusu wazi. Sikujua kama amesikia, na kama amesikia sikujua huo mdomo ulikuwa unaelekea wapi. Mwenyekiti akasema tusubiri. Nikasubiri nikitazamana na picha.

Aliporudi, akasema, "Nimesikia 'hapana'. Endelea."

Nikaonyesha slaidi ya mwisho. Nikaeleza mwanga uliogeuzwa. "Zikianza kupanda pamoja, elektroni zinaenda Thika." Mtu mmoja akakohoa. "Samahani, kushoto. Nyekundu ikipanda bluu ikishuka, zinaenda kulia. Nguvu ni zilezile. Kinachobadilika ni mpishano."

"Hilo umelionaje?"

"Nililijaza jedwali kinyume."

"Kwa makusudi?"

"Kwa malezi."

Nadhani alitabasamu. Mtandao ulikuwa mbaya, sitaapa. Lakini swali lililofuata halikuwa la mtu anayetabasamu.

"Una ncha mbili. Kama maelezo yako ni ya kweli, lazima kuwe na katikati. Weka bluu iwe kileleni wakati nyekundu ndiyo kwanza inaanza kupanda. Hapo elektroni zigawane, au zikaribie kugawana. Umejaribu?"

"Bado."

"Na zisipogawana?"

"Basi sijaelewa nilichokifanya," nikasema.

Walinitoa nje. Ukumbini kulikuwa na benchi, sikuikalia. Wanafunzi walipita wakicheka mambo yao, wenye miaka mingi mbele yao ya kuchezea. Waliponiita, mwenyekiti alizungumza bila kunitazama sana, kama daktari mwenye karatasi ya vipimo. Sura ya nne haiwezi kupita ilivyo. Maelezo mapya yanaaminika, lakini maelezo si matokeo. Nilete grafu ya katikati Jumatatu kabla ya saa sita. Elektroni zikikaribia kugawana, nimepita, na marekebisho nitayafanya chini ya msimamizi. Zisipogawana, tasnifu imekataliwa, maana muda wangu wa usajili hauna mahali pengine pa kunyooka.

"Jumanne haiwezekani?" nikauliza. Midomo iliuliza yenyewe.

"Jumatatu," akasema mwenyekiti.

Kujua tu upande upi una nyingi ni kazi ya saa chache, lakini kupima usawa wa pande mbili kwa makini kunachukua zaidi ya siku mbili kompyuta zangu zikiwa na afya. Alhamisi jioni dada aliniongezea siku kwa ndoo nyingine ya taulo, nikawasha ya Ruiru, jedwali likiwa limejazwa kutoka juu kwenda chini. Nikarudi Makongeni, nikaiwasha ya mezani kwa jedwali lililojazwa upya kutoka mwanzo, lisije likabeba kosa la lile la kwanza. Siku ya Ijumaa kompyuta zote mbili zilikuwa zinakwenda. Jumamosi asubuhi transfoma ya mtaa wetu ikalia kama sufuria iliyoangushwa, na stima ikapotea plot nzima, nyumba zote za uani kwetu. Betri ya akiba ya kompyuta yangu ilivumilia kiasi cha kuniruhusu nichemshe chai kwa gesi. Kisha skrini ikawa nyeusi, na hesabu ikaenda nayo.

Majirani walitoka nje kuulizana kama ni wote. Ni wote. Mafundi wangekuja lini? Jumatatu, labda. Jumanne. Fundi wa stima hana jopo.

Nikabaki na kompyuta moja. Watu wengine wangeona hiyo ni kompyuta ya kutosha. Mimi nilizunguka nyumba nikigusa vitu. Ikiwa ile ya Ruiru imekosea, sitajua. Ikiwa imepatia, sitajua pia. Nitakuwa tu nimeambiwa. Sikumbuki lini maishani mwangu nilikubali kitu nilichohesabiwa mara moja.

Jumapili nilifika Ruiru mapema mno. Saluni ilikuwa imefungwa, dada yuko kanisani, na ufunguo uko ndani ya mkoba wake, na mkoba uko mapajani mwake mstari wa tatu kutoka mbele. Nilimtumia ujumbe. Akajibu kwamba kuna mhubiri mgeni. Nilikaa kwenye ngazi za nje. Duka la chini lilikuwa wazi, jenereta imenyamaza kwa sababu stima ya mji ilikuwepo. Nilijipa moyo kwa hilo, kisha nikaanza kuogopa kwamba jenereta imenyamaza kwa sababu imeharibika. Ujumbe wa pili wa dada ulisema kwaya imeongezewa wimbo. Wa tatu ulisema, "Usinipigie, mama mchungaji ananiangalia."

Alikuja na nguo za kitenge na viatu vya kubana, akitembea kama mtu anayekanyaga misumari.

"Umekula?"

"Fungua."

"Ngai, hata habari ya kanisa?"

"Sista, fungua tafadhali."

Akafungua. Ndani kulinuka mafuta ya nywele na moto wa jana. Skrini kule stoo ilikuwa imelala, nikasogeza kipanya, ikafikiri, ikaamka. Hesabu ilikuwa imekwisha tangu alfajiri. Niliita grafu.

Ilichorwa kutoka kushoto kwenda kulia, nukta kwa nukta. Upande wa kwanza, wa elektroni za kushoto, ulipanda hadi mahali fulani ukashuka. Kisha upande wa pili ukaanza kupanda, na mimi nikasimama nimeshika ukingo wa meza, nikiutazama ukikaribia ule urefu, nikiomba usimame, nikiogopa usimame mapema. Ukafika. Ukapita kidogo, kiasi cha unene wa mstari wa penseli, kwa sababu kiini bado kinaivuta elektroni kidogo inapoondoka. Ukashuka.

"Imekubali?" dada akauliza kutoka mlangoni, amevua kiatu kimoja.

"Zimegawana."

"Hiyo ni nzuri ama mbaya?"

"Ni nzuri."

"Basi kaa chini kabla uanguke kwa ndoo zangu."

Nilimtumia msimamizi grafu palepale, nikaandika chini yake kwamba ni ya kompyuta moja tu, stima ilipotea Makongeni, sikuweza kuirudia. Dada alisoma juu ya bega langu akauliza kwa nini naharibu. Nikamwambia sijui kuiandika vingine.

Jumatatu nilirudi shuleni. Kidato cha tatu walikuwa wakifanya mtihani wa mawimbi, vichwa vimeinama, nami nimeweka simu kwenye dawati uso chini, kisha uso juu, kisha chini tena. Saa tano na kitu ikatetemeka. Msimamizi alikuwa ameandika mistari miwili. Jopo limepokea. Umepita, uanze kuandika sura ya nne upya, na safari hii uweke namna zote za mpishano, si mbili na katikati.

Niliisoma nikiwa nimesimama. Mwanafunzi wa mbele akainua macho.

"Mwalimu, time imeisha?"

"Bado. Endelea."

Jioni stima ilikuwa imerudi Makongeni. Nililijaza jedwali tena, nikaiwasha ile kompyuta ya mezani, grafu ya katikati, mwanzo kabisa. Hakuna aliyeniomba. Digrii ilikuwa imeshatoka mikononi mwa jopo na hesabu hii isingeirudisha wala kuiongeza. Nilikula nikiwa nimeegemea sinki, maana meza ilikuwa na kazi, na kila taa ilipofifia kidogo niliacha kutafuna.